Kanda kumi na saba: shajara ya kuhamisha video za nyumbani kwenda DVD

Mei 4

Nimeshusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati la Mama. Ndani kuna kanda 17 za VHS. Nimezitandaza ukumbini juu ya mkeka na kuzihesabu mara mbili. Kumi na moja zina maandishi yanayosomeka: harusi ya 1991, harusi ya shangazi, maulidi, Idd, mahafali. Nne lebo zake zimefutika. Moja imetoka Toronto kwa binamu. Na moja ina mwandiko wa mjomba kwa wino wa kijani: "Bibi, Pangani, 1993."

Hii ya wino wa kijani ndiyo iliyonifanya nianze. Bibi alifariki 1998. Picha zake za karatasi tunazo tatu, lakini sauti yake haipo popote duniani isipokuwa kwenye kanda hii, aliyoirekodi mjomba alipokuja likizo kutoka Muscat na kamera begani. Mama anakumbuka kwamba humo Bibi anataja nasaba yetu, mzazi juu ya mzazi, hadi wa saba. Hakuna aliyeiandika. Wote walidhani Bibi yupo, wataandika kesho.

Nimebonyeza kitufe cha ubavuni, nikainua mlango wa kanda na kuchungulia. Ukingo wa utepe una madoa meupe, kama unga wa muhogo uliomwagika. Koga. Tanga ni pwani, na sanduku lilikaa karibu na ukuta wa bafu miaka yote hii. Nimeifunga bila kuigusa zaidi.

Mei 5

Mama ameniuliza kwa nini nisiipeleke kanda kwa watu wanaofanya kazi hiyo. Nimemkumbusha habari ya harusi yake. Miaka sita iliyopita tuliipeleka kanda ile kwenye ofisi moja inayohamisha video. Tulirudishiwa diski yenye picha iliyobanwa, watu wote wanene, na juu yake wamepachika muziki mwanzo hadi mwisho. Vigelegele, maneno ya kadhi, babu akimjibu mshenga, yote yamefunikwa. Kwao ile sauti ilikuwa kelele tu. Bahati ni kwamba kanda yenyewe ilirudi, na ipo kati ya hizi 17.

Kwa hiyo nafanya mwenyewe, na nimejiwekea kanuni moja: kila kanda naihesabu kuwa imebakiwa na safari moja tu ya kupita kwenye deki. Maandalizi yote yafanyike kabla ya kubonyeza play. Ya Bibi itakuwa ya mwisho kabisa, nikishajifunza kwa hizo nyingine.

Mei 11

Nimepata deki. Fundi wa Ngamiani aliyekuwa akitengeneza redio tangu nikiwa mtoto bado yupo kwenye kibanda chake, macho yamepungua ila mikono ni ileile. Nimemwamkia, nikamweleza. Amecheka kwa furaha, akasema, "Mwanangu, miaka hii nauza deki kwa kilo kama chuma chakavu, leo umekuja kunitafutia kazi."

Alikuwa nazo tano nyuma ya pazia. Tumechagua mbili. Ya kwanza ni deki ya mifumo mingi iliyoletwa kutoka Ghuba, inasoma mifumo yote miwili ya video, PAL ya kwetu na NTSC ya Marekani na Kanada. Ya pili ni ya kawaida, ganda limepasuka, na hiyo nimeinunua kwa kazi chafu: kupitishia kanda zenye koga ili vumbi lake lisiingie kwenye deki nzuri. Fundi ndiye aliyesisitiza. Koga ikishika kwenye hedi ya deki, kile kipande kinachosoma utepe, unaihamishia kanda inayofuata, na inayofuata, mpaka umeziambukiza zote.

Hakuna duka la kununua deki mpya. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, miaka 40 tangu JVC walipoitoa VHS mwaka 1976. Hedi zilizobaki ni hizi zilizomo kwenye deki za mafundi, na kila saa ya kucheza inazipunguza.

Mei 12

Fundi amenifundisha kusafisha hedi. Nilikuja na vijiti vya pamba vya masikioni, akavitupa. Nyuzi za pamba hunasa kwenye hedi na kuing'oa, maana hedi ni kipande chembamba sana kilichochomoza kidogo tu kwenye ubavu wa lile gudulia la chuma linalozunguka. Anatumia karatasi nyeupe safi, anailowesha kwa spiriti kali ya isopropili ya asilimia 99, anaiegemeza ubavuni kwa kidole, kisha analizungusha gudulia kwa mkono mwingine. Karatasi haisogei. Haisuguliwi juu na chini hata mara moja. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi, ya tatu ikatoka nyeupe.

Gudulia hilo kwenye mfumo wetu wa PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika, huku utepe wenyewe ukitambaa sentimita 2.3 tu kwa sekunde. Nimekaa nikilitazama likizunguka bila kanda. Ndiyo maana picha ya video inahitaji mashine yenye afya na redio kaseti husamehe.

Tumebadilisha pia mpira wa mota, uliokuwa umelegea.

Mei 18

Upande wa kompyuta. Laptopu yangu ina miaka minane. Nimenunua kidude cha USB cha kunasa video, kile chenye soketi tatu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Nanasa kwa VirtualDub, programu ya bure, kwa sababu inanionyesha hesabu ya fremu, yaani picha mojamoja za video, zilizopotea wakati kazi inaendelea. Ukubwa wa picha ni 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti kilohezi 48. Vipimo hivyo ndivyo DVD ya PAL inavyovitaka, kwa hiyo sitalazimika kunyoosha wala kubana chochote baadaye.

Nimeamua kutobana video kwa nguvu wakati wa kunasa. Natumia Huffyuv, inayopunguza ukubwa bila kupoteza kitu. Gharama yake ni nafasi: saa moja inakula gigabaiti 30 hivi. Wengine hunasa moja kwa moja kwenye MPEG-2, mfumo wa kubana unaotumiwa na DVD, na kumaliza. Inawezekana, lakini picha ya VHS ina chenga nyingi, na chenga ndizo zinazoichosha programu ya kubana. Nataka kubana nifanye taratibu, kompyuta ikiwa haina haraka, na nikikosea nirudie kutoka kwenye faili si kutoka kwenye kanda.

Mei 19

Jaribio la kwanza, kanda ya mahafali isiyo na koga. Baada ya dakika 8 hivi kunasa kukasimama. Nilihangaika saa nzima na waya kabla ya kutazama ukubwa wa faili: gigabaiti 4 kamili. Diski ya nje imeandaliwa kwa mpangilio wa faili wa FAT32, nao haukubali faili moja izidi hapo. Nimehamisha vitu vyake na kuiandaa upya kwa NTFS.

Jaribio la pili limefika mwisho, ila fremu 340 zimepotea na midomo inatangulia maneno. Sababu ni kwamba kidude cha kunasa na diski ya nje vilikuwa vinagawana njia moja ya USB. Sasa nanasa kwenye diski ya ndani, intaneti nimeizima, programu ya kuzuia virusi nimeilaza. Jaribio la tatu: fremu zilizopotea, sifuri.

Mahafali yale nimeyapitisha mara tatu. Kanuni yangu nimeivunja mwanzoni kabisa, lakini nimeivunja kwa kanda yenye nguvu.

Mei 25

Kanda nne zimekamilika. Umeme ulikatika katikati ya kanda ya Idd. Laptopu iliendelea kwa betri yake, deki ikazimika na utepe ukiwa umezungushwa kwenye gudulia. Moyo ulinienda mbio. Fundi alikwishaniambia: usivute, usibonyeze, chomoa waya na usubiri umeme urudi na kutulia. Uliporudi nikawasha, deki ikaurudisha utepe yenyewe na kuitoa kanda nzima. Kesho nanunua UPS, ile betri ya akiba inayoshikilia umeme ukikatika. Ya Bibi haichezwi bila UPS.

Mei 26

Kanda ya Toronto. Ilikaa humu ndani miaka mingi na hakuna aliyewahi kuiona, kwa sababu Kanada walirekodi kwa NTSC na deki yetu ya zamani ilikuwa ya PAL peke yake. Mama alikuwa anajua tu kwamba ndani yake kuna siku ya kwanza ya barafu ya watoto wa dada yake.

Mwanzoni ilitoka nyeusi na nyeupe. Deki ya mifumo mingi ina swichi ya NTSC yenye nafasi mbili, 3.58 na 4.43, na hiyo ya pili imewekwa kwa ajili ya runinga za kwetu. Kompyuta yenyewe inaitaka 3.58. Nimesogeza swichi na kuiambia programu kwamba picha ni ya NTSC, 720 kwa 480. Rangi zikaja zote kwa pamoja: makoti mekundu, theluji, mtoto analia na kucheka. Mama alikuwa jikoni, nikamwita. Amesimama na mwiko mkononi hadi mwisho.

Faili hii nitaiacha ilivyo, NTSC. Kuigeuza iwe PAL kunafanya mwendo ushtukeshtuke, na mashine za DVD zinazouzwa huku zinacheza zote mbili.

Juni 1 na 2

Siku mbili za koga. Kanda sita zimeathirika, moja ikiwa ya Bibi, lakini nimefanya tano.

Kwanza zilikaa wiki mbili kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye boksi za viatu. Koga kavu inapanguka, mbichi inapaka. Nimefanyia kazi uani, upepo ukiwa mgongoni, barakoa usoni. Ganda la kanda lina skrubu tano upande wa chini. Ukizifungua, shika pande zote mbili na ulaze kwanza, kwa sababu vipo vijispringi vidogo vinavyoruka. Nilipiga picha kwa simu kila hatua ili nijue utepe unapita wapi.

Maganda yenye koga nimeyatupa na kuhamishia vigurudumu vyenye utepe kwenye maganda safi ya kanda tupu alizokuwa nazo fundi. Halafu kwenye deki mbovu, mfuniko wazi, nikaupeleka utepe mbele polepole huku kitambaa laini kisichotoa nyuzi kikiugusa, kimeloweshwa spiriti kidogo. Kila baada ya dakika chache nabadilisha upande wa kitambaa.

Utepe mmoja ulikatika, pale unapoungana na kile kipande cheupe cha mwanzo. Nimeuunga kwa gundi-tepu maalumu ya kuungia tepu, niliyopewa na mtu aliyewahi kufanya kazi redioni. Selotepu ya dukani haifai hata kidogo: gundi yake huyeyuka kwa joto, ikatambaa na kwenda kuishika hedi.

Juni 8

Kanda ya harusi ya Mama, 1991. Dakika 170 bila kusimama, fremu zilizopotea mbili tu.

Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Runinga ya baba ilinunuliwa kwa ajili ya deki, na watu walikuja kutoka mtaa mzima kutazama harusi hii hii, mara nyingi mno, na inaonekana: dakika za kutolewa nje bibi harusi zimechakaa kuliko zote, mistari myeupe imejaa, kwa sababu hapo ndipo waliporudisha nyuma na kutazama tena. Maulidi na hotuba ni safi kabisa.

Sauti ipo. Vigelegele vipo. Babu yupo, anamjibu mshenga kwa mafumbo na watu wanacheka. Nimemwachia Mama kiti, nikatoka nje.

Juni 12

Kazi ya DVD, naandika kwa ufupi. Nakata mwanzo na mwisho tu. Mistari ile inayotetemeka chini kabisa ya picha naifunika kwa ukanda mweusi mwembamba. Natengeneza diski kwa DVDStyler, nachoma kwa ImgBurn kwa mwendo wa 4x. Kwenye DVD ya gigabaiti 4.7 naweka saa moja na nusu hadi mbili, kwa megabiti 5 au 6 kwa sekunde. Harusi ya Mama nimeigawa diski mbili badala ya kuibana kwenye moja.

Jambo moja limenisumbua usiku kucha: watu wakitembea, miguu ilirudi nyuma na kwenda mbele kwa kutetemeka. Video ya zamani kila fremu ina nusu mbili, mistari witiri na mistari shufwa, na programu ilikuwa inazipanga kinyume. Kwenye kompyuta huoni, ila kwenye runinga unaona mara moja. Nimechagua nusu ya juu itangulie, mwendo ukatulia. Tangu sasa kila diski ya kwanza naijaribu kwenye runinga ya ukumbini kabla ya kuchoma nyingine.

Juni 22

Kumi na sita zimekwisha. Imebaki moja.

Nimeisafisha asubuhi kama zile tano, kwa mwendo wa nusu. Na hapa ndipo nilipoelewa hofu ya fundi alipoiona. Kwenye VHS picha imeandikwa kimshazari katikati ya utepe, lakini sauti ya kawaida imeandikwa kwenye ukingo wa juu, kijistari cha milimita moja. Koga huanzia ukingoni. Kwa hiyo picha ya Bibi ilikuwa na kinga, sauti yake haikuwa nayo. Nimeupanguza ukingo ule kwa roho mkononi. Sehemu kubwa imetoka safi na kubaki imara. Mahali pawili utepe umejikunja kidogo.

Sijaicheza. Kesho fundi anakuja nyumbani.

Juni 23

UPS imejaa. Hedi zimesafishwa. Gigabaiti 120 ziko wazi. Fundi amekaa kwenye kigoda mbele ya deki iliyofunguliwa mfuniko, Mama kwenye kochi, mimi kwenye kompyuta. Nimebonyeza kunasa kwanza, halafu play.

Ua wa Pangani. Minazi, kuku, mkeka ulioanikiwa. Bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga imefungwa kifuani, anamwambia mjomba aache kumwelekezea jicho la chuma. Mama alitoa sauti nisiyowahi kuisikia kwake.

Lakini maneno yalikuwa mazito, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nikadhani ni koga. Fundi akainua mkono, akasikiliza. Akasema hii si koga, ni hedi ya sauti: kamera iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyoegemea kidogo upande, deki yetu yake imesimama wima, hivyo hazikutani na sauti nyembamba zinapotea. Aliweka alama ya kalamu kwenye skrubu ndogo kando ya hedi ile ili ajue pa kuirudisha. Akaanza kuizungusha kwa bisibisi, kidogo sana, jicho lake limefumba, sikio kwenye spika. Robo ya mzunguko, labda chini ya hapo. Mtungi ukafunguka. Nilisikia nazi ikikunwa, kuku, bangili zake zikigonga mkononi, na Bibi akicheka.

Tumerudisha mwanzo. Ndiyo, safari ya pili. Sikuwa na njia nyingine, maana dakika nne za mwanzo zilikuwa zimeshanaswa zikiwa mtungini. Utepe ulivumilia. Dakika 52, fremu zilizopotea sifuri. Pale pawili palipojikunja picha inapanda na kushuka, na sauti inazama kwa nukta chache kisha inarudi.

Nasaba iko dakika ya 31. Anaanza na jina lake, jina la baba yake, anapanda. Haharakishi. Kila jina analiwekea neno: huyu alizikwa Mkwaja, huyu alikuwa na jahazi, huyu alisoma sana. Jina la sita limetoka wazi. La saba limeangukia hasa pale utepe ulipojikunja.

Juni 24

Nimenakili faili kwenye diski mbili za nje na moja ataishika mjomba. Kisha nimechukua zile sekunde tatu na kuzicheza polepole, nikapandisha sauti, nikapunguza mvumo. Inasikika herufi ya mwanzo, M, na mwisho wa neno. Katikati hakuna kitu. Sitaki kubahatisha jina la mtu aliyezaliwa kabla ya karne iliyopita kisha watoto wetu warithi kosa langu.

Juni 26

Mama amempigia mama yake mdogo aliye Pangani, mdogo wa mwisho wa Bibi. Hajawahi kuulizwa nasaba, na anasema mwenyewe kwamba kichwa kimechoka. Nikaweka simu karibu na spika na kucheza kuanzia dakika ya 31.

Alikuwa kimya. Jina la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akaanza kuitikia pamoja na dada yake, kwa sauti ya chini, neno kwa neno, hata yale maneno ya jahazi na ya kusoma, kama watu wawili waliofundishwa wimbo mmoja utotoni. Walipofika la saba sauti ya Bibi ikazama, na ya mdogo wake ikaendelea.

Mama ameliandika. Tumemwomba alirudie mara tatu, na mara zote limekuja lilelile.

Diski ya kwanza itakwenda Pangani kwa basi la Jumamosi. Kwenye kasha lake nimeandika majina yote saba kwa wino wa kijani.